Besi kutoka kwa boksi ya lita 12

Mtu akikuja kwangu mara ya kwanza, aketi, mziki ucheze dakika mbili tatu, lazima aanze kuchungulia nyuma ya kochi. Anatafuta sabufa. Binamu yangu aliinama kabisa akaangalia chini ya meza ya TV, akarudi akaketi akaniuliza, "Sasa hii besi inatoka wapi?" Inatoka kwa zile spika mbili ziko mbele yake, boksi ya lita 12 kila moja, chukua mtungi wa maji wa lita 10 uongeze kidogo, na koni, ile sehemu ya mbele inatetemeka, ya inchi 6 na nusu. Hakuna kitu ingine imefichwa. Kilichofanya zishuke chini hivyo ni ikwalaiza, ile ya kuinua na kushusha sauti za chini na za juu, lakini si ile ya kubahatisha ya kuinua vidude vya kushoto mpaka mwisho. Ni ikwalaiza imepigiwa hesabu kufuata spika yenyewe, na hio tofauti ndio nataka kuandika leo juu nimeielezea watu mara nyingi tukiwa mlangoni wakienda na sidhani nimewahi kuimaliza vizuri.

Nianze na ile spika niliua.

Miaka kadhaa imepita, nilikuwa bedsita huko Umoja, Nairobi, nikanunua spika mbili za mitumba, nzuri sana, zenye tundu nyuma, lile bomba la plastiki ambalo watu wengi wanadhani ni la kupumulia. Sauti ilikuwa safi, mwimbaji unamskia kama ako ndani ya nyumba, lakini besi ilikuwa inafika mahali inakatika. Ukiweka benga, ile gita ya besi ikishuka kwa uzi wa chini kabisa noti inapotea, unaskia tu kidole kikigusa uzi. Na mimi mziki bila hio gita siwezi, nimelelewa kwa nyumba ambayo Jumapili redio inaimba benga na rumba kutoka asubuhi mpaka chakula kiwe mezani. Kwa hivyo nikaingia kwa apu ya ikwalaiza kwa simu, nikainua Hz 32 (Hz ni mara ngapi hewa inatetemeka kwa sekunde, namba ikiwa ndogo sauti iko chini) mpaka desibeli 12, desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti, nikafurahia kama wiki mbili. Siku moja kulikuwa na wageni, nikaongeza sauti kidogo, nikaskia ta-ta-ta-ta kama mtu anagonga mlango na kucha, alafu spika ya kushoto ikanyamaza.

Nikaipeleka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini, kwa mzee mmoja anayerudisha koili, ule waya umezungushwa nyuma ya koni na ndio unaisukuma, yuko chini ya ngazi za jengo moja pale, meza yake haitoshi ata sufuria mbili. Akaifungua akanionyesha koili imepondeka upande wa ndani, waya zimeachana na karatasi yake imekunjana. "Kijana, hii haikuungua," akaniambia. "Hii imejigonga. Ulikuwa unairusha." Nikamwambia mzee, ampu yangu ni ya wati 30 na spika imeandikwa wati 100, itajigongaje? Akachukua koni ya ile nzima kwa vidole viwili, akaisukuma ndani pole pole mpaka ikagota. "Wati ni ya moto. Hii ni ya mwendo. Usichanganye."

Nilirudi nyumbani na matatu nikiwa nafikiria hayo maneno njia yote, na ukweli ni kwamba kila kitu nimejifunza baadaye kuhusu besi kinarudi tu hapo, moto na mwendo.

Spika ni pampu ya hewa. Noti ya juu inataka hewa kidogo, noti ya chini inataka hewa nyingi, na hio "nyingi" inaongezeka kwa njia ya kutisha: ukitaka nguvu ile ile ya sauti ukishuka oktava moja, yaani kutoka Hz 80 mpaka Hz 40, koni lazima isafiri mara 4. Ukishuka tena mpaka Hz 20, mara 16. Hakuna ampu inabadilisha hio, hakuna waya ya bei inabadilisha hio. Koni zangu za saa hii zina eneo la kama sentimita mraba 130, na zinaweza kwenda milimita 5 mbele na milimita 5 nyuma kabla koili itoke mahali sumaku inaishika vizuri. Ukipiga hesabu, spika moja ikisaidiwa na ukuta au sakafu, kwa Hz 80 inaweza kufika karibu desibeli 101 ukiwa mita moja. Kwa Hz 40, koni hio hio, mwendo huo huo, ni 89. Ziko mbili kwa hivyo ongeza 6 zikicheza pamoja. Hapo ndio mwisho, na ikwalaiza haiwezi kuongeza ata moja juu yake, kazi yake ni kukufikisha hapo tu. Sabufa ya inchi 12 yenye mwendo wa milimita 10 inasukuma hewa karibu mara 8 ya koni moja yangu, na ndio maana sijawahi kumwambia mtu spika zangu zinaweza kubeba harusi. Ni za sebule, na kwa sebule zinatosha.

Sasa ile tundu. Bomba la spika si la kupumulia. Hewa iliyo ndani ya bomba ni kama uzito, hewa ya boksi ni kama springi, na hivyo viwili vikiwa pamoja vina masafa yao, yaani ile Hz vinapenda kutetemeka. Kwa hayo masafa bomba ndio linatoa sauti karibu yote na koni inatulia karibu kabisa, ukiiangalia utadhani haifanyi kazi. Ni kazi ya akili sana na sina ubaya na spika za tundu. Shida iko chini ya hapo. Ukishuka chini ya masafa ya bomba, hewa inaingia na kutoka tu kama kwa mlango umeachwa wazi, koni haina kitu inaishikilia, inaruka bila kutoa sauti yoyote ya maana, na sauti inaporomoka desibeli 24 kwa kila oktava. Zile za mitumba bomba lilikuwa limewekwa kama Hz 55, hio nilikuja kupima baadaye na ile moja ilibaki. Mimi nilikuwa nasukuma desibeli 12 pale Hz 32. Nilikuwa nachukua nguvu ya ampu naitupa yote kwa kurusha koni, na kile kidogo nilikuwa naskia na kufurahia, nafikiri mingi ilikuwa kelele ya koni ikilia kwa kuzidiwa.

Kwa hivyo kama kuna kitu kimoja utashika kwa hii yote: usiinue besi chini ya masafa ya bomba. Usiinue ata kidogo. Ukitaka kufanya ile nimefanya mimi, anza na boksi iliyofungwa kabisa.

Boksi iliyofungwa inafanya kazi tofauti. Hewa yote imefungiwa ndani, koni ikienda nyuma inaifinya, ikienda mbele inaivuta, kwa hivyo iko na springi saa zote, ata chini kabisa. Sauti inaanza kushuka mapema kuliko ya tundu, hio ni kweli, lakini inashuka pole pole, desibeli 12 kwa oktava, na inashuka kwa mpangilio unajulikana. Na kitu chochote kinashuka kwa mpangilio unajulikana, unaweza kukiinua kwa mpangilio uo huo ukiugeuza.

Hii kitu ina historia na mimi huipenda, nipe nafasi kidogo. Zamani boksi iliyofungwa ya kutoa besi ilikuwa kubwa kama kabati ya nguo. Mwaka wa 1954 Edgar Villchur, Mmarekani, akafikiria kuifanya ile raba inashikilia koni iwe laini sana, alafu aache hewa iliyofungiwa ndio iwe springi, na hewa ni springi nzuri kuliko raba na kitambaa. Yeye na Henry Kloss wakaanzisha Acoustic Research pale Cambridge, Massachusetts, na besi ikaingia kwa boksi ya kuwekwa kwa rafu. Alafu 1961 Neville Thiele wa Australia akaandika hesabu ya vile spika na boksi vinafanya kazi pamoja, Richard Small akaiendeleza miaka ya 70, na ndio maana leo ukinunua spika ya maana inakuja na namba kama Fs (masafa spika inapenda kutetemeka ikiwa nje ya boksi), Qts (vile huo mtetemo unazuiwa, namba ikiwa kubwa unazuiwa kidogo) na Vas (lita za hewa zenye ugumu sawa na kile kinashikilia koni), hizo zinaitwa namba za Thiele na Small. Mwaka wa 1968 Bose wakatoa ile 901, spika 9 ndogo kwa boksi moja, na haikuwa inauzwa peke yake, ilikuwa inakuja na kisanduku chake cha ikwalaiza, bila hicho kisanduku sauti haikuwa sawa kabisa. Yaani wazo la kujenga boksi ndogo makusudi ukijua ikwalaiza itamalizia kazi si wazo la vijana wa kompyuta. Alafu kuna Siegfried Linkwitz, Mjerumani aliyekuwa injinia wa Hewlett-Packard huko California, alifariki 2018. Huyo ndio aliacha saketi ambayo mimi natumia, watu wanaiita Linkwitz Transform.

Boksi zangu. Spika nilizipata Luthuli, na nilizunguka maduka mengi sana juu mahali pengi ukiuliza Vas unaonyeshwa wati. Hatimaye nikapata zenye karatasi: Fs Hz 45, Qts 0.45, Vas lita 20. Mbao ni MDF ya milimita 18, fundi wa Gikomba alinikatia nikiwa nimemchorea kila kipande, gundi nikapaka mwenyewe na kona zote za ndani nikapitisha silikoni, juu boksi ya aina hii ikivuja ata tundu la msumari utaiskia ikipumua kwa noti za chini.

Hesabu ni hii, haina ugumu. Gawanya Vas kwa lita za boksi: 20 kwa 12 ni 1.67. Ongeza 1 unapata 2.67. Tafuta kipeuo cha pili chake, 1.63. Hio 1.63 ndio unazidisha na Fs na Qts zote mbili. Fs inakuwa Hz 73 na kitu, Q inakuwa 0.73. Q ya karibu 0.7 ndio inashuka bila kuvimba, kwa hivyo boksi ya lita 12 ilikuwa imenifaa, sikuichagua kwa kubahatisha.

Lakini karatasi ni karatasi, lazima upime. Njia ya jua kali ni hii na haitaki maiki: unaweka rizista ya omu 1,000 kwa mfululizo kati ya ampu na spika, unacheza toni moja moja kutoka kwa simu, 50, 55, 60, mpaka 120 hivi, na mita ya umeme inasoma volti kwa miguu ya spika. Mahali volti inakuwa juu kabisa ndio masafa ya spika ndani ya boksi. Ununue mita inasoma milivolti za AC lakini, zile za bei ya chini kabisa zinaanzia volti 200 na hazitakuonyesha kitu. Mimi nilipata Hz 76 boksi ikiwa tupu, nikajaza pamba ya mto, si ya kushindiliwa, ikashuka mpaka 73. Hio 73 ndio nilitumia.

Sasa Linkwitz Transform inafanya nini. Spika yangu inaanza kuanguka 73 na Q 0.73. Mimi nataka ianguke 40 na Q 0.7. Hio saketi ina sehemu mbili zimeunganishwa, ya kwanza ni picha ya spika yangu imegeuzwa juu chini, kwa hivyo inafuta ule mwanguko wa 73 kabisa, ya pili inachora mwanguko mpya pale 40. Ukiangalia grafu yake si kilima kama cha ikwalaiza ya kawaida. Ni mteremko unaanza kupanda pole pole kutoka kama Hz 150, unapanda unapanda, alafu chini ya Hz 20 unatulia kwa desibeli 10 na nusu. Hio 10.5 unaipata kwa hesabu: 73 gawanya kwa 40, chukua logi yake, zidisha na 40. Kwa saketi ya kawaida isiyo ya dijitali ni chipu moja ya opampu na rizista na kapasita chache, unaweza kuichomelea kwa ubao jioni moja. Mimi nilitumia kibao kidogo cha DSP, yaani cha kupigia sauti hesabu kwa dijitali, chenye chipu ya ADAU1701 juu nilitaka kuwa nabadilisha namba bila kuchomelea tena. Ukiwa unacheza mziki kutoka kwa kompyuta ya Windows ata hauhitaji hicho kibao, kuna programu ya bure inaitwa Equalizer APO.

Nilipoiwasha mara ya kwanza ilikuwa mbaya. Kila ngoma ikipigwa sauti inapasuka. Nikadhani nimeua zingine. Kumbe sikuwa nimeacha nafasi: mziki wa siku hizi umerekodiwa ukiwa umejaa mpaka juu, sasa ukiuongeza desibeli 10.5 kwa dijitali unaenda wapi, unakatwa vichwa. Dawa ni kushusha kila kitu desibeli 10.5 kabla ya ikwalaiza alafu unaongeza kwa ampu. Na nikaweka kichujio cha kukata kila kitu chini ya Hz 30, juu huko chini hakuna mziki naskiza na kuna takataka nyingi, upepo uligonga maiki, mguu wa mtu kwa jukwaa, na koni inazifuata zote.

Alafu kuna moto, ile wati ya mzee. Kila desibeli 3 ni wati mara mbili. Desibeli 10.5 ni wati mara 11. Kama sauti ya mtu anaimba inatumia wati 2, noti ya chini kabisa yenye nguvu hio hio inaweza kutaka mpaka 22. Ukipandisha sauti mwimbaji atumie wati 5, besi inaweza kutaka 55, na ampu yangu ya saa hii ni ya 50. Unaona venye inaisha haraka. Watu wakiniuliza kwa nini ninunue ampu kubwa hivyo kwa spika ndogo hivyo, jibu ndio hilo, na pia ndio sababu hakuna aibu kulenga juu kidogo. Mimi nina mipangilio miwili imehifadhiwa. Mmoja unalenga Hz 40, ni wa kila siku. Mwingine unalenga Hz 55, huo unaongeza desibeli 5 tu, wati mara 3, na koni inabaki na pumzi. Wageni wakiwa wengi naweka wa 55, hakuna mtu amewahi kugundua, na spika hazijawahi kugonga.

Nikacheza benga ile ya siku zote. Ule uzi wa chini wa gita ya besi ni Hz 41, na ukakuja. Niliskia noti nzima, mwanzo wake na mwisho wake, nikaelewa mpigaji alikuwa anafanya nini hapo katikati ya wimbo ambao nimeuskia tangu niko shule ya msingi. Nilirudia hio sehemu mara nyingi sana usiku huo.

Lakini kulikuwa na noti moja inavimba. Hio hio ya chini. Zingine ziko sawa, ikifika hio nyumba yote inanguruma na vikombe vinalia kwa kabati. Hapa ndio watu wengi wanarudi kulaumu spika na si spika, ni chumba. Sebule yangu ni mita 4 kwa urefu. Sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa mara mbili ya urefu, ni Hz 43. Kwa hayo masafa wimbi linaenda linarudi linajikuta na kujiongeza. Na kuta zetu za mawe zinarudisha besi karibu yote. Nimeskia spika hizi kwa nyumba ya mbao ya shangazi yangu huko ocha na huo mvimbo haukuwa, besi ilipita tu ikaenda zake kwa shamba.

Hapa sasa unahitaji maiki. Kuna programu ya bure inaitwa Room EQ Wizard, watu wanaiita REW, unacheza toni inayopanda kutoka chini mpaka juu na inakuchorea kila kitu. Mimi napima mara mbili. Kwanza maiki karibu igusane na koni, chini ya sentimita moja, hapo unaskia spika peke yake bila chumba, hio ni mbinu injinia Don Keele alieleza 1974 na inafanya kazi vizuri sana kwa besi. Hio ndio ilinihakikishia kwamba spika yenyewe inashuka mpaka 40 kama nilivyopanga. Alafu maiki inaenda kwa kochi mahali kichwa kinakaa. Tofauti ya hizo grafu mbili ndio chumba chako.

Kwangu kulikuwa na mlima wa desibeli 9 pale 43, na shimo refu karibu na 62. Mlima nikaukata na kichujio chembamba cha desibeli 8, na hio ilikuwa furaha mara mbili juu kukata kunapunguza mwendo na moto pia. Shimo nikajaribu kulijaza na desibeli 6. Hakuna kilichobadilika. Nikaweka 9. Hakuna. Shimo la aina hio ni wimbi limetoka kwa spika na lingine limerudi kutoka kwa ukuta yanafutana pale umeketi, sasa ukiongeza la kwanza la pili nalo linaongezeka na yanaendelea kufutana, wewe unachoma wati bure. Nikaondoa, nikasukuma kochi mbele karibu nusu mita, shimo likapotea karibu lote. Mama watoto hakufurahia mahali kochi liko lakini tumekubaliana.

Kuna rafiki yangu anatengeneza mziki wa matatu, zile nganya, nilimwonyesha grafu zangu akaniambia yeye kwa gari hajawahi kuhitaji kuinua besi hivyo. Na ako sawa. Ndani ya gari mawimbi ya chini ni marefu kuliko gari lenyewe, hewa yote ndani inafinywa na kuachiliwa pamoja, na chini ya masafa fulani sauti inapanda yenyewe karibu desibeli 12 kwa oktava. Kwa gari ndogo la mita 2 na nusu ndani, hio inaanzia kama Hz 70. Boksi iliyofungwa inashuka 12, gari linapandisha 12, zinalipana. Ndio maana pia dirisha likifunguliwa besi inapungua ghafla, hewa imepata pa kutokea. Kwa hivyo usichukue namba zangu za sebule uende nazo kwa gari, wala usichukue sabufa ya gari uilete kwa sebule ukitarajia ilie vile ililia Thika Road.

Na jambo la majirani. Mimi niko ghorofa ya tatu, chini yangu kuna familia yenye mtoto mchanga. Besi ya 40 inapita kwa slabu kama haiko. Nilishuka nikamwambia mama wa pale, dada, ukiskia kitu nipigie ata kama ni saa mbili usiku, na nikaketi kwake dakika kumi mziki ukicheza juu ndio niskie mwenyewe anaskia nini. Baada ya hapo nikaongeza mpangilio wa tatu, wa usiku, hauna Linkwitz kabisa. Ni uchungu kidogo juu sikio letu likiskia sauti ya chini chini linapoteza besi kwanza, watafiti Fletcher na Munson walipima hio 1933, kwa hivyo usiku ndio ningetaka besi zaidi. Usiku navaa hedifoni.

Binamu yangu naye saa hii amenishika kabisa, anataka kufanya zake. Ziko na tundu. Nimempa ile rizista ya omu 1,000 na mita yangu, nikamwambia aanze kwa kukata sponji ya godoro azibe tundu ngumu kabisa, apime masafa yako wapi, na asiguse ikwalaiza yoyote mpaka anipigie na hio namba.